Mlenda wa Kichwani

Lori lilituteremsha mjini mbele ya maduka, upepo wa mchana ukiwa umeshaanza kazi yake ya kurusha vumbi, na kabla sijapata sanduku langu chini ya magunia, harufu ikanifikia. Mahali fulani nyuma ya nyumba za watu kulikuwa na mtu anakaanga mbegu za mbarika. Unaijua harufu hiyo, rafiki yangu. Haipendezi. Ni nzito na ina ukali ndani yake, kama karanga zilizosahauliwa motoni. Abiria mmoja akaziba pua. Mimi nikasimama na kikapu mkononi, miguu inataka kukimbia nyumbani, na papo hapo nikakumbuka kwamba nyumba iliyokuwa ikinuka hivyo ndiyo yetu, na hainuki tena. Kuta zipo, mama yupo. Harufu imehama.

Shuleni kwetu, huko mbali ninakosoma, tunakatwa nywele. Muhula ukianza tunapanga mstari, mkasi unapita, basi. Kwa hiyo nimeshuka Sumbawanga na kichwa kama cha mvulana, na harufu ya mafuta ya nywele imenipokea sina nywele za kupaka. Nilicheka peke yangu barabarani kama mwehu. Tangu siku hiyo sijatulia. Naanza kupepeta ulezi naacha, nachukua ndoo nafika nusu ya njia ya kisimani nasahau nilikokuwa naenda. Mama ananiuliza, "Una nini wewe?" nami nakagua vidole vyangu. Ndivyo nilivyo. Kusema kunanishinda, kwa hiyo naandika.

Tuliishi Malangali, pembeni mwa mji, na tunaishi hapo mpaka leo. Ukitoka mlangoni kwenda kushoto unaingia kwenye mahindi, ukienda kulia unafika mjini. Baridi ya kwetu haina mvua ndani yake; ni baridi kavu yenye upepo, inapasua midomo, inapasua visigino, na nywele inazifanya ziwe ngumu kama nyasi za paa. Ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na dawa yake. Wengine walipaka samli wakinuka zizi zima. Wengine waliponda yai na maziwa ya mgando. Kuna jirani aliwahi kupaka asali, nyuki wakamfuata mpaka kanisani.

Bibi yetu, mama yake mama, alikuwa mtu wa mlenda. Alichuma majani machanga, akayatwanga kidogo tu, si mpaka yafe, akayaloweka katika maji baridi kwenye chungu chini ya ghala mpaka asubuhi. Ukiingiza mkono asubuhi unautoa na nyuzi zinazovutika kama mate ya ndama. Hayo maji aliyachuja kwa kitambaa, akatia mafuta ya mbarika aliyoyakamua mwenyewe, na ute wa yai kama kuku ametaga. Alikuwa akituita mmoja mmoja, anatupaka mpaka kwenye ngozi, anatufunga kichwa kwa kitambaa kikuukuu na kutukalisha juani nyuma ya nyumba, upande usio na upepo. Tulinuka mboga. Wavulana wa njiani walikuwa wakituimbia, "Mboga imepita, ugali uko wapi?" Mimi nililia kwa aibu. Mama mdogo aliwafukuza na mchi.

Huyu mama mdogo ndiye ninayetaka kukueleza habari zake. Alikuwa kitinda mimba wa bibi, mdogo wake mama, na aliishi nasi. Alinizidi miaka, lakini si mingi ya kutosha kumfanya mtu mzima machoni pangu. Alikuwa na nywele nyingi kuliko mtu yeyote niliyemjua, nyeusi, zimejikunja kama chemchemi za saa, na alikuwa na ubaya mmoja: hakuweza kukaa. Mama akianza kumsuka anaruka, anadai amesikia kuku kwenye mbegu. Mtu pekee aliyemruhusu kushika kichwa chake ni mimi. "Dada anavuta kama anang'oa maharage," alisema. "Huyu anashika kama mwizi. Sisikii kitu." Nilikuwa na miaka tisa au kumi, na hakuna sifa niliyowahi kupewa shuleni iliyonikaa moyoni kama hiyo ya wizi.

Mwaka ule mvua zilipokuwa zinaaga, watu wa kijiji cha Kate walituma neno. Kijana wao, fundi seremala aliyekuja kutengeneza madawati ya misheni, alimtaka mama mdogo, na mama mdogo alimtaka pia. Hilo nililijua kabla ya mama, kwa sababu kichwa cha mtu ukikishika unajua mengi. Ukoo ule ulikuwa na desturi yao. Kabla wazee hawajakaa, shangazi wa kijana huja kwa akina binti, humfumua nywele, huzichana, huzipaka mafuta na kuzisuka upya kwa mkono wake mwenyewe. Chanuo lipite mpaka mwisho, na binti asipige kelele. Nywele zikikwama, wanasema binti hakutunzwa kwao. Akilia, wanasema mji utamshinda. Shangazi akimaliza vizuri, maneno ya mahari yanaanza siku hiyohiyo. Asipomaliza, hufunga mzigo wake na kurudi.

Shangazi alikuwa anakuja Jumapili.

Nami, nikuambie ukweli, nilitaka mama mdogo apate alichokitaka, na nilitaka asiende popote. Mambo hayo mawili yalikaa tumboni mwangu kama paka wawili katika gunia moja.

Sasa mjini, karibu na msikiti, kulikuwa na mke wa mwenye duka, mwanamke wa Kiislamu mcheshi, mweupe wa moyo, tuliyemwita mama wa dukani. Mumewe alikuwa na lori lililokwenda mpaka Ndola, ng'ambo ya mpaka, na kutoka huko alimletea chanuo la chuma. Unaliweka juu ya makaa, unalifuta, unalipitisha kwenye nywele zilizopakwa mafuta, nazo zinanyooka kama za Mhindi. Mama mdogo alisikia habari hiyo, akaona kwamba nywele zilizonyooka hazina pa kukwama chanuo. Mwanzoni mwa juma lile akaenda bila kumwambia mtu. Akarudi nywele zimeshuka mpaka shingoni, zinang'aa, anatembea shingo ngumu kama amebeba mtungi. Mama alishika mdomo. Mimi nilimzunguka mara nyingi nisimjue.

Halafu jioni manyunyu yakaanguka, yale ya mwisho ya msimu, na nywele zikaanza kurudi zilikotoka, ila zilirudi vibaya. Ncha zilikuwa zimeungua. Juu ya sikio la kushoto, chini ya nywele, palikuwa na kidonda chekundu ambapo chuma kiligusa ngozi. Chanuo la mti lilipita upana wa vidole viwili likakwama.

"Sasa ni ufagio," mama alisema. "Wa Kate atakuja kufagia."

Bibi aliloweka mlenda, akaupaka pamoja na mbarika na yai, akafunga kitambaa, akaonya kisifunguliwe mpaka Jumamosi. "Ng'ombe hakamuliwi kwa kuvutwa mkia," alimwambia mama mdogo. Kila neno alilisema kwa Kifipa. Mimi nakuandikia kwa Kiswahili, nalo linapungua utamu. Kisha akaenda bondeni kuvuna maharage yake, na huko alikuwa akilala kwa ndugu.

Mama mdogo alishinda siku nzima akizunguka ua. Anakaa, anasimama, anaingiza kidole chini ya kitambaa, anakitoa, anakinusa. Mimi nyuma yake, nazunguka anavyozunguka.

"Bado ngumu," akasema.

"Bibi amesema tungoje."

"Bibi haolewi Jumapili."

Kwenye kona ya jiko palikuwa na chungu kilichotobolewa chini, ambacho ndani yake tulitia majivu ya maganda ya maharage na kumimina maji juu, yadondoke polepole kwenye bakuli. Hayo ndiyo maji tuliyopikia. Kila nyumba Ufipa inayo. Ukiyatia kwenye mlenda unalainika na kuteleza, ukiyatia kwenye maharage ya mwaka jana yanaiva kabla kuni hazijaisha. Mama mdogo aliyatazama yakidondoka. Tone. Tone. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Haya yanalainisha maharage yaliyokuwa kama mawe," alisema. "Nywele zangu zina ugumu gani?"

Ulikuwa mtego mzuri sana. Hata leo, na masomo yangu, naona ingenichukua muda kuutegua. Alifungua kitambaa, akachanganya bakuli lote na mlenda wa kichwani, akajimiminia.

Mwanzoni tulishangilia! Nywele zililainika zikawa kama hazipo. Vidole vilipita. Mama mdogo alinikumbatia akanilowesha. Baadaye akaanza kujikuna, halafu akapiga kelele kwamba kichwa kinawaka moto, nikammwagia maji ndoo kwa ndoo mpaka mama akaja mbio kutoka shambani. Zilipokauka zilikuwa zimegeuka rangi, wekundu wa kutu, na zimeshikana pamoja kama sufu ya kondoo aliyenyeshewa. Mama alivuta kidogo tu. Kishungi kikabaki mkononi mwake.

Bibi alitumiwa mtu, akafika Jumamosi alfajiri. Aliinama, akanusa utosi wa binti yake.

"Nani amepika kichwa hiki?"

Mama mdogo akalia.

"Tumnyoe tu," mama alisema. "Zimee upya, tuwatumie salamu kwamba anaumwa."

"Kichwa kilichonyolewa ni cha msiba," bibi akajibu. "Watu wa Kate wakikikuta watauliza nani amekufa. Tumtaje nani, wewe au mimi?"

Kunyoa kukawa hakuwezekani, na kuchana hakuwezekani. Siku moja imebaki. Bibi aliomba maziwa ya mgando, yale yaliyochacha kabisa ambayo hata mbwa anayafikiria mara mbili, akamwosha nayo kichwa pole pole, akammwagia maji baridi, akarudia. Alisema ukali wa majivu hufukuzwa na uchachu, kama mtu mkali anavyonyamazishwa na mke mkali. Kisha akaloweka mlenda mpya, mchache, maana majani yalikuwa yanaisha.

Mama wa dukani alipata habari. Mjini habari hazihitaji lori. Alikuja na buibui lake linapeperushwa, chupa ya mafuta ya nazi kwapani. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe, magumu kama mshumaa.

"Jamani Ufipa yenu!" alisema, anaitikisa chupa. "Kwetu pwani haya yanamwagika yenyewe. Huku hata nazi inataka sweta." Halafu akapiga magoti mbele ya bibi. "Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyeanza na chuma changu."

"Hapa hatutafuti mwizi," bibi alisema. "Kaa juani uyayeyushe."

Basi akakaa, chupa katikati ya mapaja, uso kwenye jua, akituhadithia harusi za kwao mpaka mama mdogo akacheka akiwa bado ana kamasi. Mafuta yalipolegea, bibi aliyachanganya na mlenda na mbarika. Akaniita.

"Wewe mwenye vidole vya wizi. Anzia chini kwenye ncha, upande juu. Chanuo usiliguse."

Nilianza jua likiwa upande wa mashambani, nikamaliza limehamia upande wa mji. Nilishika unywele kwa unywele, nikaufungua, nikauweka kando, nikashika mwingine. Sikula. Mama mdogo, yule asiyeweza kukaa, alikaa kwenye mkeka kama gogo, na mimi, ambaye siku zote nakaa, ndiye niliyekuwa nachemka ndani. Niliona jinsi kazi ilivyokuwa inaenda vizuri. Kila fundo lililofunguka lilikuwa hatua moja ya kwenda Kate. Nilifungua. Lingine, nikafungua.

Shangazi alifika Jumapili baada ya misa, mwanamke mrefu mwenye miguu ya vumbi na maneno machache. Alipewa togwa, akanywa, akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda. Mama mdogo akakaa mkekani kati ya magoti yake. Mimi nilikimbilia nyuma ya mlango, nikaweka jicho kwenye ufa.

Alifungua kitambaa, akainama, akanusa muda mrefu.

"Mlenda," alisema. "Na nazi, na maziwa." Akamtazama bibi. "Mkwe wangu, mmeniita kusuka au kula?"

Bibi alicheka mpaka meno yake yaliyobaki yakaonekana yote. Lakini shangazi hakuchukua chanuo. Aliingiza vidole, akainua tabaka moja moja, akaona wekundu, akaona palipokatika.

"Nani amezichambua hizi?"

"Mtoto wa dada," mama mdogo akasema.

"Aje."

Sijui nilifikaje pale. Nilisema shikamoo, nadhani mkeka ndio ulioisikia.

"Marahaba, mwanangu. Kichwa hiki wewe ndiye unayekijua. Mimi ni mgeni hapa. Nionyeshe panapouma, nisipaguse."

Kidonda kilikuwa juu ya sikio la kushoto, kimefunikwa vizuri na nywele. Nilizilaza mwenyewe zikifunike. Nikinyamaza, chanuo litapita pale. Mama mdogo atapiga kelele, shangazi atafunga mzigo wake, na kesho asubuhi tutaamka tukitwanga pamoja kama kawaida. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Nilisimama. Mama mdogo hakugeuka kunitazama. Alisubiri tu, shingo imeinama, na nikaona nyuma ya shingo yake inatetemeka kidogo kidogo, kama ngozi ya ng'ombe inapofukuza nzi.

Nikaweka kidole. "Hapa," nikasema. "Na hapa chini yake kidogo. Huku nyuma anapenda uanze polepole, halafu ukishaanza usiache."

"Eh," shangazi alisema. "Nimesikia."

Akachukua chanuo. Alipofika sikioni aliliweka chini akatumia vidole. Alipofika nyuma alianza polepole, na hakuacha. Chanuo lilikwama mara mbili, akarudi kwenye ncha, likapita. Nywele zilizokatika alizikusanya kiganjani, akazikunja zikawa kama kiota kidogo, akampa bibi akazifukie. Mama mdogo alinishika kifundo cha mguu tangu mwanzo mpaka mwisho, akakibana mpaka kikafa ganzi, lakini sauti haikutoka.

"Zimepungua," shangazi alisema akifunga msuko wa mwisho. "Zitaota. Mwenye mikono kama hii nyumbani kwake hawezi kusema hakutunzwa. Waiteni wazee wenu, tuongee."

Ulezi ulipokwisha kuvunwa, mama mdogo akaenda Kate.

Najua unangoja niseme nililia. Sikulia. Nilikosa utulivu tu, na naona haujarudi. Bibi alifariki nikiwa shuleni, mwaka wangu wa pili, na barua ilinifikia wakati kaburi limeshaota majani. Nilipofika likizo hii nilimwuliza mama mlenda uliwekwa kiasi gani, na mafuta kiasi gani. Akafikiri. "Bibi yako alikuwa anatazama," akasema, "akiona unatosha anaacha." Mama siku hizi ananunua mafuta ya kopo dukani, yana picha ya mwanamke mzuri na harufu ya maua ambayo hayaoti huku. Yanafanya kazi. Siwezi kusema hayafanyi. Hakuna tena mtoto anayekaa juani na kitambaa kichwani, na wavulana wa njiani hawana cha kuimba. Mama wa dukani amehamia Mbeya na mumewe na lori lao.

Juzi mama mdogo alikuja kututembelea. Amenenepa, ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, anacheka vilevile. Alipoona kichwa changu akapiga makofi, "Masikini, wamekuvuna!" Tukapika pamoja. Nilitaka kumwomba nimsuke, hata mstari mmoja. Badala yake nikachochea moto. Kisha akainama kumwaga maji ya maharage, kilemba kikateleza, nikaziona. Nywele zimerudi zote, nyeusi, nyingi. Zimesukwa kwa mtindo wa Kate, mistari inayozunguka kichwa badala ya kushuka kama yetu, na kila mstari umelala sawa, ngozi inang'aa katikati yake, na juu ya sikio la kushoto aliyesuka amezunguka kwa uangalifu, akaacha nafasi.

Zimesukwa vizuri sana. Nikatoka nje kwenye upepo, sijui mikono yangu niiweke wapi.